Njia ya Birongo na Mgongo wa Baba Mkwe

Nilizaliwa mahali tambarare. Mji wetu uko kando ya ziwa, na anayetaka kukimbia pale huamua jambo moja tu: maji yawe mkono wa kulia au wa kushoto. Nilikimbia hivyo tangu shule ya msingi hadi nikaajiriwa, asubuhi kabla jua halijawa kali, nikipita wanawake wanaoanika omena na wanaume wanaoziba nyufa za mashua. Sikujua kwamba kukimbia ni kazi. Nilikuja kulijua hilo nilipoolewa Kisii.

Huku hakuna tambarare. Mtu akikuambia "ni hapo tu, hakuna mlima", ana maana utapanda mara mbili badala ya mara tatu. Wiki yangu ya kwanza nilitoka mlangoni kwa mbwembwe, na kabla sijafika mbali nikasimama nimeshika magoti, pumzi imekwisha. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani akanipita akiupanda mlima uleule huku anaongea kwa simu. Alikatiza mazungumzo kidogo ili aniambie pole, kisha akaendelea kumgombeza aliyekuwa upande wa pili.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu na ubishi mrefu. Mlima ukinishinda leo, kesho narudi kuusuta. Ndivyo nilivyozifahamu njia za huku, moja baada ya nyingine, nami nazitaja hapa kwa sababu mgeni akija Kisii au Nyamira na viatu vya kukimbia, ushauri atakaopewa na wenyeji ni mmoja tu: achana na hayo, utaumia.

Njia ya Mosocho naitumia siku nikiwa mjini na sina nguvu za kutosha. Kazi yangu ni kupima macho, katika kliniki moja hapo Kisii, na wakati mwingine natoka mapema. Kuelekea Mosocho unajiachilia tu na mteremko, unapita migomba, unapita wafanyabiashara wanaopanga nyanya na viazi vitamu kando ya barabara, na kila mmoja anataka kujua unamkimbia nani. Raha ya kwenda haina mfano. Kurudi ndiyo habari nyingine, na sijawahi kurudi mbio mpaka mwisho, nisiseme uongo.

Sironga naenda Jumapili moja moja, nikimtembelea mwenzangu wa kazi ambaye kwao ni karibu na mji wa Nyamira. Barabara inafuata mgongo wa kilima, hewa ni baridi, na chai iko pande zote mbili mpaka macho yanachoka na kijani. Kuna shule nyingi. Siku moja kundi la wasichana wenye masweta walikuwa wanafanya mazoezi, wakanipita wote wakipiga makofi, na yule wa mwisho kabisa, mnene kunizidi, akaniambia, "Jikaze, mama." Nilijikaza.

Ya Manga si ya kila siku. Mara moja kwa mwaka, au mbili, mume wangu hunipeleka hadi juu, nami nakimbia kando ya ule ukingo mrefu wa mwamba. Hewa ikiwa safi unaona nchi yote ya chini imelala, na mwisho wake kabisa mstari mwembamba unaometa. Hilo ni ziwa letu. Kila mara nikiliona huwa nasimama kidogo, najifanya nafunga kamba ya kiatu.

Lakini njia yangu hasa, ya kila siku, ni ya Birongo.

Mume wangu na mimi tulijenga kwenye shamba la baba yake, kama ilivyo desturi ya huku: nyumba ya wazee juu, yetu chini, chai katikati. Njia inaanzia nyuma ya jiko letu. Inapanda hadi kwenye mkaratusi mmoja mkubwa, halafu inanyooka kupita ndani ya chai ya baba mkwe. Upande mmoja kuna ua wa miiba unaotenganisha shamba na la jirani. Upande wa pili chai inateremka, mstari chini ya mstari, bonde tupu. Ule mnyooko ukiisha kuna kona, unashuka hadi kijito chenye daraja la magogo mawili, unapanda tena kwenye migomba ya watu mpaka soko la Birongo, kisha unarudi nyumbani kwa barabara ya marram, ile ya vumbi. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni na wachuma chai wa kwanza wakiwa wameingia mistarini na vikapu mgongoni, sijui mahali pazuri kuliko hapo, na nimelelewa ziwani.

Jumamosi sikimbii. Nyumba ya mume wangu ni ya Wasabato, baba mkwe ni mzee wa kanisa, na mimi niliyekuja na Jumapili yangu nimejipatia mapumziko ya siku mbili, ukiondoa Jumapili za Sironga. Sijaona sababu ya kulalamika.

Siku ya kwanza kukutana na baba mkwe kwenye njia hiyo, nilikuwa nimevaa suruali ya kubana na fulana. Mama mkwe alikuwa amenishauri nifunge leso kwa juu. Nilifunga. Leso ikanipiga mwereka hata kabla ya mkaratusi, nikaifungua kwa hasira, nikaitupia shingoni. Ndivyo nilivyotokea mbele ya mzee huyo mrefu, mwembamba, panga kwapani, aliyekuwa anatoka kukagua chai yake.

Aliponiona alisimama. Akachomeka panga ardhini, akatoka njiani, akaupa ua uso na mimi akanipa mgongo. Akakaa hivyo, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo, mpaka nilipopita.

Jioni nilimwuliza mume wangu. Kwetu sisi wawili lugha ya nyumbani ni Kiswahili, kwa sababu Ekegusii changu ni cha sokoni na Kijaluo chake ni cha matusi. Alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni ensoni," akasema. "Baba na mke wa mtoto wake hawaangaliani ovyo. Sasa wewe umevaa hivyo, unaruka ruka, unataka yeye afanye nini? Amekupisha. Amekuheshimu."

"Heshima gani ya kunipa mgongo?"

"Ungetaka akukodolee macho?"

Hapo alinishinda, lakini kushindwa hakujawahi kunifanya nikubali neno. Hata kwetu mambo ya heshima ya mkwe yapo. Ni vile mimi nililelewa mjini, katika nyumba za kupanga, ambako baba mkwe na mke wa mwana hungojea zamu kwenye bomba moja la maji. Tena nilikuwa na kinyongo changu. Siku walipokuja kwetu kuniposa, mmoja wa wazee wao alisikika akiuliza kama kweli milima yote ya Gusii imekosa msichana. Baba mkwe alikuwa ameketi karibu naye na hakusema kitu. Nilikihifadhi kile kimya chake. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na mimi nikaona mgongo ule umeshasema.

Kwa hiyo nikaanza kumwambia "kumekucha, baba" kwa Ekegusii, kwa sauti, kwa makusudi, nikiwa bado mbali.

"Bwakire, tata!"

"Bwakire," ua ukanijibu.

Miaka mitatu nikawa nasalimiana na ua. Kuna miezi niliyoisusa njia ile nikakimbilia barabarani, kwenye vumbi, halafu nikajiona mjinga kwa kujinyima kitu kizuri kwa sababu ya mgongo wa mtu. Nikarudi. Yeye akaendelea kugeuka, mimi nikaendelea kupita. Nyumbani alikuwa mpole, alituma ndizi, aliombea chakula na kunitaja katika maombi kama "mama wa nyumba ya chini". Lakini macho yake hayakuwahi kutua usoni pangu, nami nilihesabu jambo hilo kuwa deni la moyo ambalo siku moja lingelipwa.

Ikaja asubuhi moja, mvua za masika zikielekea kwisha, hakugeuka.

Nilimwona kwenye mnyooko, katikati ya njia, panga kwapani. Nikasalimia kutoka mbali kama kawaida. Hakutoka njiani. Alisimama ananielekea, uso wazi, nikapita nikigusa ua kwa bega, na nyuma yangu nikasikia, kwa kuchelewa kidogo, "Bwakire."

Nilikimbia siku hiyo kama mtu aliyepandishwa cheo. Kwenye magogo ya kijito nilicheka peke yangu. Kule kliniki alikuja babu mmoja anayebisha kila lenzi ninayomwekea, nami nikambadilishia moja baada ya nyingine bila kununa, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeokoka.

"Baba yako amenikubali," nilimwambia mume wangu jioni.

"Hakugeuka? Baba?" Alikunja uso. "Labda ni uzee."

"Labda ni kwamba nimekaa hapa miaka mitatu na bado sijaondoka."

Mama mkwe nilimwambia jikoni kwake, tukichambua managu. Yeye na mimi tulikuwa marafiki tangu mwanzo, na Kiswahili chake ni cha kujitengenezea, lakini hakijawahi kukosa la kusema.

"Alikuangalia?" akauliza.

"Aliniangalia usoni kabisa, mama."

Mikono yake ikasimama juu ya mboga. "Haya," akasema. "Mungu ni mwema." Halafu akaanza kunieleza habari za ng'ombe.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila tulipokutana alisimama akinielekea. Nilifurahi hata nikamnunulia kofia ya sufu, nyekundu, ya kujikinga na baridi ya asubuhi, nikaipitisha kwa mama mkwe. Mzee aliivaa kesho yake. Nikaona mambo yamekamilika.

Jumatatu moja nikakuta kamba ya kiatu imefunguka papo hapo kwenye mnyooko, hatua tatu mbele ya mzee. Sikuwa nimesalimia bado. Nilikuwa na mafua na sauti imekauka. Nikainama, nikafunga, nikainuka. Jua lilikuwa limetoka nyuma yangu na lilimpiga usoni. Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu wala hakununa. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, akauliza kwa Ekegusii, "Ning'o?"

Ni nani.

Ndipo nikayaona macho yake. Katikati, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe wa uji, jicho la kulia na la kushoto pia. Ni mtoto wa jicho. Mimi huuona kila wiki, naujua hata mtu akiwa bado mlangoni, na huyu nilikuwa nimempita kila asubuhi.

"Ni mimi, tata," nikasema.

Alishtuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akajitupa nje ya njia, haraka, ili anipishe, na akakosea upande. Pale alipodhani ua upo palikuwa na bonde. Aliteleza mistari miwili ya chai na panga lake likateleza mbele yake. Nikaruka chini kumshika. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Niko sawa," akasema kwa Kiswahili, uso ameufukia kwenye majani ya chai. "Pita, mama. Pita tu."

Mkono wake ulikuwa unatoka damu. Kofia nyekundu ilikuwa imening'inia kwenye kichaka. Nilitamani kubisha, na kubisha ndiyo kazi ninayoiweza, lakini kile kiganja kilikuwa kimenyooka bado. Nikapita. Nilitembea hadi darajani, nikaketi kwenye gogo.

Hakuwa amenikubali. Hakuwa ameniona, na salamu yangu ya mbali aliidhani ya mmoja wa wachuma chai, ambao nao humwita tata. Kwa wiki mbili nilikuwa nimefurahia upofu wa baba mkwe, nikaununulia na kofia.

Niliona haya, tena si haya ndogo. Mambo yote yalikuwa mbele yangu. Alikuwa akimimina chai hadi inafurika kwenye kisahani, nikasema ni mkono wa uzee. Katika ibada ya nyumbani aliinua Biblia na kuisoma bila kuangalia, nikasema huyu mzee ana kichwa, ameishika yote. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini mimi sikuwa nimeambiwa nijigange mwenyewe. Nilikuwa na mtu kando yangu tu. Kisha nikayatazama yale magogo mawili niliyokalia, yenye ukoga na maji yanayonguruma chini yake. Baba mkwe aliyavuka kila siku na mtungi wa maziwa. Leo ameanguka kwenye chai. Kesho ingekuwa hapa.

Nilirudi moja kwa moja kwa mama mkwe, na sikusalimia.

"Ulijua," nikasema.

Hakukana. "Huyo mzee macho yake imeharibika," akasema. "Tangu mwaka jana. Anachuna majani kubwa kubwa, ile mbaya, tukifika kwa kituo ya kupima chai wanarudisha. Sasa anachuna mistari ya huku ndani, mimi napanga upya kabla ya kwenda."

"Mbona hukuniambia? Mimi nafanya kazi gani, mama?"

"Yeye alikataa. Alisema mtu asikuambie."

Mume wangu alikwenda kuongea na baba yake usiku ule, akarudi bila kitu. Akaenda tena na mjomba. Mzee aliwajibu kwamba uzee ni uzee, kwamba Isaka pia alipofuka, na kwamba chai haihitaji kuonwa, inashikwa. Mjomba akarudi amekubali maneno hayo yote. Nilikasirika nikasema nitamvuta kwa mkono mwenyewe, nimpandishe gari, nimpeleke.

"Hapo ndipo shida iko," akasema mama mkwe.

Alinieleza polepole, akitafuta maneno. Mzee alikuwa amemwuliza mtu wa kanisani macho hupimwa namna gani. Akaambiwa: unaketi kwenye kiti kirefu chumbani gizani, na yule mpimaji anakukaribia na taa, anakukaribia mpaka mashavu yanataka kugusana, anakushika kope, na unasikia pumzi yake. Na kila mtu pale Birongo alijua mpimaji wa kliniki ile ni nani.

"Anasema heri awe kipofu," mama mkwe akasema, "kuliko mke wa mtoto wake amupumulie kwa uso."

Miaka mitatu nimeutafsiri mgongo ule kuwa dharau, na sasa nasikia kuna mzee anayekubali giza ili asinivunjie heshima mimi. Maana heshima hiyo haikuwa yake peke yake. Nusu ilikuwa yangu. Nikawaza jinsi nilivyokuwa nikimpigia kelele "Bwakire, tata!" kwa kumkomoa. Penye miti hapana wajenzi: nyumba ina mpimaji wa macho, na ni huyo mpimaji aliyekuwa amesimama mlangoni akiziba.

"Mwambie sitakuwepo," nikasema.

"Kwa kliniki?"

"Sitakuwepo kwa kliniki, sitakuwepo kwa gari, sitakuwepo hata mjini. Atapimwa na mwenzangu, ni mwanamume, ni mtu mzima. Na yule wa kupasua ni daktari wa hospitali nyingine kabisa, hanijui hata jina."

Alimwambia. Mzee aliuliza mara mbili kama ni kweli. Halafu akauliza mwenzangu ni mtoto wa nani, akaambiwa ni wa Sironga na baba yake akatajwa, akasema huyo anamjua, ni watu wazuri. Baada ya siku tatu za kufikiri akasema sawa.

Kwa hiyo siku muhimu kuliko zote katika kazi yangu, niliomba ruhusa nisiende kazini. Mume wangu aliondoka na wazazi wake asubuhi. Mimi niliahidi kutokuwa mjini, na nilitimiza: nilianzia nje ya mji, nikakimbia kuelekea Mosocho. Niliteremka bila kuona migomba wala nyanya. Wafanyabiashara waliniuliza kama kawaida ninamkimbia nani, nikawajibu, "Baba mkwe," wakacheka sana, mmoja akaniambia ndivyo inavyotakiwa. Nilifika Mosocho nikageuka, nikarudi nusu, nikateremka tena, kwa sababu simu ilikuwa haijalia.

Ilipolia alikuwa mwenzangu. Mzee alikuwa amefika mlangoni akagoma kuingia hadi aulize. "Yeye yuko?" Akaambiwa hayuko, ameondoka mjini. Ndipo akavua kofia, akaketi, akaweka kidevu mahali pake. Mtoto wa jicho ulikuwa umekomaa, pande zote. Wangeanza na jicho la kulia.

"Amechelewa kidogo," mwenzangu akasema. "Nyuma ya lenzi ya jicho sioni vizuri. Inaweza kuwa sawa, inaweza isiwe sawa. Usiwaahidi kitu."

Hayo ndiyo maneno yangu mwenyewe, nilimfundisha mimi. Sikuyapenda kuyasikia.

Upasuaji ulifanyika wiki iliyofuata na sikuwepo pia. Ila kulikuwa na kazi moja ambayo sikuweza kuikimbia: dawa ya matone, mara nne kwa siku, na mama mkwe hajawahi kumtia mtu dawa ya jicho. Nikamfundisha jikoni kwake. Nililala kwenye benchi, yeye akasimama juu yangu na kichupa cha maji safi. Tone la kwanza liliingia puani. La pili sikioni. La tatu lilipata paji la uso, naye akasema hilo lilikuwa karibu. Tulicheka mpaka mzee akakohoa kutoka nyumba kubwa, akitaka kujua kuna nini. Kufikia jioni alikuwa anapata jicho kila mara, nami macho yangu yalikuwa mekundu kama ya mlevi.

Njia ya Birongo nilijipiga marufuku. Sikutaka anisikie nakuja, aruke tena upande usio na ua. Nilikimbia barabarani kwenye vumbi, na kila nikirudi nilimwuliza mume wangu: anaonaje? Jibu lilikuwa lilelile. Bandeji ilipotolewa mzee alisema, "Naona mwangaza." Waumini walipokuja kumwona aliwaambia, "Mungu ni mwema." Kuona mwangaza kila mtu huona, hata yule asiyeona kitu kingine. Mume wangu alisema bado anatembea ameshika ua kwa mkono. Na mimi, ambaye kwa dakika mbili tu na tochi ningejua yote, sikuwa na ruhusa ya kumkaribia. Sijawahi kuwa na subira, na sikuipata wakati huo. Nilingoja tu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Jioni moja mama mkwe alipita kwangu na kikapu kitupu. Majani yao siku hiyo hayakurudishwa, alisema, kisha akageuka kama anayeondoka.

"Kesho pita njia yako," akasema.

"Na yeye?"

"Wewe pita tu."

Asubuhi nilivaa suruali ileile. Nilifunga leso juu, nikaishika pindo kwa mkono ili isinipige mwereka. Nilipanda hadi kwenye mkaratusi, na nilipotokeza kwenye mnyooko nilimwona mwisho wake kabisa, karibu na kona, mtu mdogo mwenye kitu chekundu kichwani. Nikasimama. Sikuita wala sikusalimia. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, na viatu vyangu havikuwa na sauti kwenye udongo ule wenye umande.

Aliinua kichwa. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akachomeka panga ardhini, akatoka njiani, upande wa ua, bila kupapasa, akaupa ua uso na mikono akaiweka nyuma.

Kliniki tunapima macho kwa mita sita. Kutoka mkaratusi hadi pale alipokuwa nilikuja kuhesabu baadaye: hatua mia mbili na kumi.

Nikakimbia. "Bwakire, tata," nikasema nilipomkaribia, kwa sauti ya kawaida.

"Bwakire, mama," ua ukajibu.

Nikapita nyuma ya mgongo wake machozi yakinitiririka mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilifurahi kwamba hanitazami.